Maria Rooth na Heshima ya Wanawake katika Hoki ya Barafuni ya Uswidi

Timu ya taifa ya Uswidi katika mchezo wa hoki ya barafuni huitwa Tre Kronor, yaani Mataji Matatu, kwa sababu ya mataji matatu ya dhahabu yaliyomo katika ngao ya dola ile, nayo hushonwa kifuani katika mavazi ya wachezaji. Wanawake wa Uswidi nao huvaa mataji hayo hayo matatu, lakini timu yao huitwa Damkronorna, jina ambalo likielezwa kwa Kiswahili laweza kuwa Mataji ya Mabibi. Kadhalika, Mswidi akitaja hoki pasipo kuongeza neno, kwa mazoea ya lugha yake husikika kuwa amekusudia hoki ya wanaume; akitaka ile ya wanawake hana budi kutanguliza neno dam, lenye maana ya bibi. Mwenye kuichunguza lugha hatalidharau jambo hili, maana heshima ya watu katika nchi hudhihirika kwanza katika majina yao: lipi limeachwa wazi kuwa ndilo la asili, na lipi limetiwa alama kuwa ni tawi. Khabari za Maria Rooth, ambaye mwaka wa 2015 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiswidi kutiwa katika orodha ya watukufu wa mchezo huu duniani, ni khabari za mtu aliyetoka katika tawi hilo, na heshima yake kwa sehemu kubwa ilitoka nje ya nchi yake.

Kwa kuwa mchezo wenyewe ni mgeni katika nchi za joto, yafaa kuueleza kwa maneno machache. Wachezaji sita wa kila upande, mmoja wao akiwa golikipa, huteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma vikali chini ya nyayo, na kwa magongo marefu yaliyopinda ncha hupiga kisahani kigumu cha mpira ili kukiingiza golini. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika ishirini. Mchezaji akikosa adabu, refa humtoa nje kwa dakika mbili au zaidi, na timu yake hubaki pungufu kwa muda huo. Bao linalofungwa na timu iliyo pungufu huhesabiwa kuwa ni la ushujaa mkubwa. Waswidi humwita golikipa målvakt, yaani mlinzi wa goli, jina ambalo Waswahili wanaosema mlinda lango watalitambua mara moja.

Maria Rooth alizaliwa tarehe 2 Novemba 1979 katika mji wa Ängelholm, jimbo la Skåne, upande wa kusini kabisa wa Uswidi. Kusini huko pwani, baridi yake si kali kama ya kaskazini, ambako barafu hukaa miezi mingi na ambako mchezo huu umeota mizizi mirefu. Hata hivyo Ängelholm ni mji wenye klabu mashuhuri ya hoki, Rögle, na mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kwenda mbali kuona magongo na barafu. Lililokuwa gumu ni jambo jingine. Wakati alipokuwa msichana mdogo, hoki ya wanawake ilikuwa imeanza tu kupata sura ya mashindano yenye utaratibu. Mashindano rasmi ya kwanza ya dunia kwa wanawake yalifanyika Ottawa, Kanada, mwaka wa 1990, na Uswidi ikawa ya nne. Na katika Michezo ya Olimpiki hoki ya wanawake haikuwamo kabisa mpaka mwaka wa 1998 huko Nagano, Ujapani. Wanaume walikuwa wamekwisha kuicheza huko tangu mwaka wa 1920.

Nagano zilikuwako timu sita tu. Rooth alikuwa na umri wa miaka kumi na minane alipochukuliwa katika timu ya Uswidi, ambayo ilirudi nyumbani ikiwa ya tano. Wakati ule, na kwa miaka mingi baadaye, ulimwengu wa hoki ya wanawake uligawanyika mafungu mawili yasiyolingana: Kanada na Marekani juu, na wengine wote chini. Tangu mwaka wa 1990 mpaka mwaka wa 2005, kila fainali ya mashindano ya dunia ya wanawake ilichezwa na Kanada na Marekani, na Kanada ilishinda zote isipokuwa ile ya 2005 peke yake. Nchi za Ulaya ziligombania nafasi ya tatu, kama kwamba nafasi mbili za kwanza zimewekewa kufuli.

Sababu za tofauti hiyo hazikuwa za siri. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka wa 1972 iliyokataza ubaguzi wa wanawake katika masomo yanayosaidiwa kwa fedha za serikali, na kutokana na sheria hiyo vyuo vikuu vililazimika kuwapa wanawake timu, viwanja, walimu na malipo ya masomo. Matokeo yake hayakuonekana kwa siku moja, lakini mwishoni mwa karne hoki ya wanawake ilikuwa imekwisha kuingia vyuoni kwa nguvu. Msichana wa Ulaya aliyetaka kucheza kila siku, pamoja na wenzi wanaomshinda na wenye kumfundisha, alijua njia inakoelekea.

Mwaka wa 1999 Chuo Kikuu cha Minnesota katika mji wa Duluth, kando ya ziwa Superior, kilianzisha timu ya hoki ya wanawake. Mwalimu wake alikuwa Shannon Miller, Mkanada aliyekuwa ameifundisha timu ya nchi yake huko Nagano ikapata medali ya fedha. Miller alitafuta wachezaji hata ng'ambo ya bahari. Na katika wale wa mwanzo alikuwamo Rooth, na pamoja naye Mswidi mwenzake Erika Holst, na Mfini Hanne Sikiö. Ni jambo la kuangaliwa kuwa nchi ile ya ziwa Superior ilijaa wazao wa Waswidi, Wanorwei na Wafini waliohamia huko katika karne iliyotangulia. Wale wasichana walipofika hawakufika katika mji usiozisikia lugha zao.

Katika mwezi wa Machi 2001 yalifanyika mashindano ya kwanza ya vyuo vikuu vyote vya Marekani katika hoki ya wanawake yaliyosimamiwa na chama kikuu cha michezo ya vyuo. Duluth iliishinda St. Lawrence kwa mabao 4 kwa 2 katika fainali, na Rooth akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Mwaka uliofuata Duluth iliishinda Brown 3 kwa 2. Mwaka wa 2003, katika mji wa Duluth wenyewe, iliishinda Harvard 4 kwa 3 baada ya muda wa nyongeza kurudiwa mara ya pili. Basi mataji matatu ya kwanza ya vyuo vya Marekani yote yalikwenda mahali pamoja, na Rooth alikuwapo katika yote matatu. Chuo kile kikaiondoa namba yake, 27, isivaliwe tena na mtu mwingine. Ilikuwa ndiyo namba ya kwanza kupewa heshima hiyo katika timu yake ya wanawake.

Msomaji asiyezoea desturi hii pengine atauliza namba ina nini. Katika michezo ya Amerika ya Kaskazini namba ya mgongoni huwa kama jina la pili la mchezaji, na kuiondoa ni sawa na kusema kuwa jina hilo halitarithiwa. Hapana fedha ndani yake wala cheo. Lakini ni alama ya kudumu, nayo ilitolewa na mji wa kigeni kwa msichana wa Skåne kabla nchi yake haijaanza kumtazama kwa makini.

Katikati ya miaka hiyo ya chuo ilitokea Olimpiki ya Salt Lake City, mwezi wa Februari 2002. Uswidi ilishindwa na Marekani 4 kwa 0 katika nusu fainali, kisha ikaishinda Ufini 2 kwa 1 na kupata medali ya shaba. Ilikuwa medali ya kwanza ya wanawake wa Uswidi katika hoki ya Olimpiki. Katika timu hiyo alikuwamo golikipa Kim Martin, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na sita. Mwaka wa 2005 mashindano ya dunia yalichezwa Uswidi kwenyewe, na wenyeji wakapata shaba. Ikawa ya kwanza kwao katika mashindano hayo. Yote haya yalikuwa mafanikio ya kweli, lakini yalikuwa mafanikio ya fungu la chini. Kufuli lilikuwa bado mahali pake.

Tarehe 17 Februari 2006, mjini Torino, Italia, Uswidi ilikutana na Marekani katika nusu fainali ya Olimpiki. Siku chache kabla yake Kanada ilikuwa imewafunga Waswidi hao 8 kwa 1, na katika Olimpiki na mashindano ya dunia Marekani ilikuwa haijapata kushindwa na nchi yo yote isipokuwa Kanada. Wamarekani wakatangulia kwa mabao mawili. Hapo mchezo ungaliweza kumalizika kama ilivyokuwa miaka minne nyuma, na hakuna ambaye angalistaajabu.

Katika kipindi cha pili Rooth alifunga bao. Dakika chache baadaye, Uswidi ikiwa pungufu kwa mchezaji aliyetolewa nje, akafunga la pili, na hesabu ikawa 2 kwa 2. Yafaa kulifikiri bao hilo. Timu iliyo pungufu kazi yake ni kujilinda mpaka dakika mbili zipite. Mchezaji anayeacha ulinzi na kushambulia huhatarisha timu nzima, na asipofaulu hulaumiwa yeye. Timu inayojiona ndogo hujilinda na kushukuru dakika zikiisha. Rooth alikuwa amecheza miaka minne dhidi ya wengi wa Wamarekani hao hao katika viwanja vya vyuo vyao, na kwa miaka mitatu kati ya hiyo timu yake ndiyo iliyochukua ushindi wa mwisho. Woga ambao jina la Marekani uliwatia wengine, yeye hakuwa na sababu ya kuwa nao.

Tangu hapo Wamarekani walishambulia bila kupumzika. Kim Martin, sasa akikaribia miaka ishirini, alizuia mikwaju 37 kati ya 39 iliyomjia, ilhali Waswidi walipiga chini ya nusu ya hiyo. Muda wa nyongeza ulipita pasipo bao. Ikabaki mikwaju ya mmoja mmoja, ambapo mchezaji huteleza peke yake na kisahani kumwendea golikipa. Kwa Uswidi alifunga Pernilla Winberg, msichana wa miaka kumi na sita, kisha akafunga Rooth. Na Martin hakuruhusu hata mkwaju mmoja kupita. Golikipa wa Marekani, Chanda Gunn, alikuwa amefungwa na Rooth mara tatu katika alasiri moja, ukihesabu na mkwaju huo wa mwisho.

Waandishi wa magazeti walilinganisha ushindi huo na ule wa vijana wa Kimarekani walioishinda timu ya Urusi ya Kisovieti huko Lake Placid mwaka wa 1980, na neno muujiza likatumika tena. Ulinganisho huo si mbaya, lakini waficha kitu. Vijana wa 1980 walikuwa na taifa zima nyuma yao tangu siku ile, na filamu zilitengenezwa juu yao. Siku tatu baada ya ushindi wa Torino, wanawake wa Uswidi walishindwa na Kanada 4 kwa 1 katika fainali na kupata medali ya fedha. Siku sita baadaye, tarehe 26 Februari, wanaume wa Uswidi waliishinda Ufini 3 kwa 2 wakachukua dhahabu. Dhahabu ya Mataji Matatu ilikuja juu ya fedha ya Mataji ya Mabibi, na atakaye kujua ipi ilizungumzwa zaidi katika majira hayo ya kuchipua huko Stockholm hana haja ya kutafuta sana.

Mfano mmoja wa zamani wafaa kuwekwa kando ya huu. Mwaka wa 1994, katika fainali ya Olimpiki ya wanaume huko Lillehammer, Peter Forsberg wa Uswidi aliifunga Kanada kwa mkwaju wa mmoja mmoja, akimhadaa golikipa kwa mkono mmoja, na Uswidi ikapata dhahabu. Mwaka uliofuata bao hilo lilichorwa katika stempu ya posta ya Uswidi, likasafiri duniani juu ya bahasha. (Golikipa aliyefungwa hakupenda sura yake itumiwe, hata ikabidi mavazi yake yabadilishwe rangi na namba.) Kwa kipimo cha mchezo wenyewe si rahisi kusema kuwa mkwaju wa Rooth ulikuwa mdogo kuliko ule. Wa Forsberg ulileta dhahabu, na hilo lazima likubaliwe. Lakini hoki ya wanaume ilikuwa na mataifa sita au saba yaliyoweza kushindana, na Uswidi ilikuwa mmojawapo kwa miaka mingi; mkwaju wa Rooth ulivunja utaratibu ambao haukuwa umevunjwa tangu wanawake walipoanza kukutana. Fainali ya Torino ilikuwa ya kwanza, katika Olimpiki au mashindano ya dunia, isiyokuwa na Kanada na Marekani pamoja.

Miaka iliyobaki ya uchezaji wake yaweza kupitwa kwa haraka. Mwaka wa 2007 huko Winnipeg Uswidi ilipata tena shaba ya dunia. Mwaka wa 2010 huko Vancouver, katika Olimpiki yake ya nne, Uswidi ilifungwa na Kanada 13 kwa 1 katika mchezo wa makundi, ikashindwa nusu fainali, kisha ikapoteza shaba kwa Ufini katika muda wa nyongeza, 3 kwa 2. Wakati huo huo Jacques Rogge, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, alitoa onyo hadharani kuwa tofauti ya nguvu kati ya timu isipopungua, mchezo huu wa wanawake hautaweza kuendelea kuwamo. Ushahidi wa kwamba tofauti hiyo yaweza kuvukwa ulikuwa na umri wa miaka minne tu, na aliyeuleta alikuwapo uwanjani. Rooth aliacha kucheza baada ya majira hayo.

Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni lina orodha ya watukufu wake tangu mwaka wa 1997. Kwa zaidi ya miaka kumi ya mwanzo hakuwamo mwanamke hata mmoja. Mwaka wa 2008 waliingia watatu kwa pamoja, Angela James na Geraldine Heaney wa Kanada na Cammi Granato wa Marekani. Mwaka wa 2010 akaingia Mfini Riikka Nieminen-Välilä, Mzungu wa Ulaya wa kwanza kati ya wanawake. Zamu ya Rooth ilikuja mwezi wa Mei 2015 mjini Praha, wakati wa mashindano ya dunia ya wanaume. Pamoja naye siku hiyo walitiwa Dominik Hašek, golikipa mashuhuri wa Wacheki, na Mswidi Nicklas Lidström, mmoja wa walinzi bora waliopata kucheza mchezo huu. Hivyo Waswidi wawili waliheshimiwa kwa siku moja mbele ya watu wale wale, naye Rooth hakupewa mlango wa pembeni. Jambo moja latakiwa kutajwa: ilikuwa katika mkutano wa wanaume ndipo alipoheshimiwa, kwa kuwa huko ndiko yalikokuwako macho ya dunia.

Mwezi wa Desemba uliotangulia, chuo cha Duluth kilikuwa kimeamua kutomwongezea mkataba Shannon Miller, aliyekwisha kukiletea mataji matano. Shauri lilikwenda mahakamani, na mwezi wa Machi 2018 baraza la wananchi walioketi kuisikiliza kesi liliona kuwa Miller alibaguliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke na kulipiziwa kisasi kwa malalamiko yake. Basi hata mahali palipompa Rooth heshima ya kwanza, heshima ya wanawake haikuwa jambo lililokwisha kumalizika.

Huko Uswidi nako mambo yalifika kilele chake mwaka mmoja baadaye. Mwezi wa Aprili 2019, katika mashindano ya dunia huko Espoo, Ufini, timu ya wanawake ilishushwa daraja la juu kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1990. Mwezi wa Agosti wachezaji 43 walioitwa kwenye kambi ya timu ya taifa walikataa kwenda. Madai yao yalihusu malipo kwa siku wanazoitumikia timu, bima, safari, na hata mavazi, maana walisema kuwa wamekuwa wakipewa vifaa visivyotengenezwa kwa wanawake. Mashindano ya Agosti yaliyokuwa yachezwe Ufini yalivunjika kwa kukosa wao, na yale ya Novemba yaliyopangwa kufanyika Luleå yakafutwa. Mwezi wa Oktoba chama cha hoki cha Uswidi na wachezaji walifikia mapatano, nao wakarudi barafuni wakiwa na mataji matatu kifuani na jina lile lile la Damkronorna. Wengi wa wale 43 walikuwa watoto wa shule siku ile Rooth alipopitisha kisahani kwa Chanda Gunn mara ya tatu.